Upepo wa Kwasari na Jinsi Wanaastronomia Walivyojifunza Kuusubiri

Mwaka 1963 Maarten Schmidt, akitumia darubini ya Palomar iliyoko California, alibaini kwamba kitu kilichofanana na nyota na kuitwa 3C 273 kiko mbali mno nje ya galaksi yetu. Vitu vya aina hiyo vikaja kuitwa kwasari, na leo inafahamika kwamba kila kimoja ni kiini cha galaksi ambamo shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya majua humeza gesi inayolizunguka kwa umbo la sahani, gesi ambayo kabla ya kumezwa hupata joto kali na kung'aa kuliko nyota zote za galaksi hiyo zikijumlishwa.

Si gesi yote, hata hivyo, inayoishia humo. Mwaka 1967 Roger Lynds, wa kituo cha Kitt Peak huko Arizona, alichapisha uchunguzi wa kwasari PHL 5200, ambayo mwanga wake, ulipotawanywa katika rangi zake, ulionyesha mabonde mapana ya giza, yaani sehemu ambazo mwanga ulikuwa umefyonzwa njiani na gesi. Mabonde hayo yalikuwa yamesogea upande wa buluu, jambo linalotokea pale gesi inapomjia mtazamaji, na upana wake ulidhihirisha kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Kiini kile kile kilichokuwa kikivuta gesi kilikuwa pia kikiitupa nje, na msukumo unaotajwa zaidi ni ule wa mwanga wa kiini chenyewe.

Kwa muda mrefu mabonde hayo yalichukuliwa kama sura ya kudumu, kwa sababu kwasari nyingi zilipimwa mara moja tu kisha zikaachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Thomas Barlow alizifuatilia zaidi ya ishirini kwa miaka kadhaa, akaona kwamba katika nyingi kina cha mabonde kilipungua au kuongezeka ilhali kasi ya gesi haikubadilika. Maelezo mawili yalijitokeza, na mjadala wake haujafungwa: ama wingu la gesi hukatiza kati yetu na kiini kisha likapita, ama mwanga wa kiini wenyewe hubadilika na kuzing'oa elektroni zaidi kutoka katika atomi za kaboni, hata zisiweze tena kufyonza rangi zile za awali.

Jibu lilihitaji subira na kumbukumbu zilizotunzwa vizuri, na hapo ndipo mradi wa Sloan, ulioanza kupima anga mwaka 2000 kutoka Apache Point, New Mexico, ulipothibitisha thamani yake. Mwaka 2012 Nurten Filiz Ak na wenzake walilinganisha vipimo vya zamani na vipya vya kwasari 582, wakakuta kwamba katika 19 kati ya hizo bonde zima la kaboni lilikuwa limetoweka. Muda uliopita, ukihesabiwa kwa saa ya kwasari zenyewe, ulikuwa kati ya mwaka mmoja na minne hivi. Duniani ulikuwa mrefu zaidi, kwani kupanuka kwa ulimwengu hurefusha kila tukio la mbali. Kutokana na hesabu hiyo walikadiria kwamba bonde moja hudumu wastani wa karne moja hivi, muda mfupi mno kwa kitu ambacho umri wake huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka.

Umuhimu wa mabadiliko hayo ni mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa kuwa wepesi wa gesi kuitikia mwanga huonyesha msongamano wake, msongamano husaidia kukadiria umbali wake kutoka kwenye shimo jeusi, na bila umbali huo haiwezekani kujua upepo unabeba gesi kiasi gani. Joseph Silk na Martin Rees walikuwa wamependekeza mwaka 1998 kwamba upepo wa namna hiyo ungeweza kuifagia galaksi gesi yake na kuzuia nyota mpya zisizaliwe. Dai zito kama hilo halithibitiki pasipo vipimo vya kiasi cha gesi.

Setilaiti ya Kijapani XRISM, iliyorushwa mwaka 2023, imeongeza ushahidi wa eksirei. Katika kwasari PDS 456, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba upepo unaokimbia kwa takribani robo ya kasi ya mwanga umegawanyika katika mafungu yasiyopungua matano, kila moja na kasi yake, wala si mkondo mmoja laini kama ilivyodhaniwa katika hesabu nyingi za awali, ambazo sasa zinapaswa kufanywa upya.