Jeddah au Dammam? Kisa cha cherehani ya dada

Najua nimepotea humu, samahanini sana, kazi zilinibana. Leo nalipa deni. Kila nikipiga simu nyumbani dada ananiuliza swali lile lile: ile cherehani niliyomtumia Desemba 2023 ilikuwa wapi miezi yote ile? Na mama, najua, mpaka leo anaamini nilikuwa sijaituma ila naona haya kusema. Nilituma mama! Ila nilichagua bandari vibaya, na ili mnielewe inabidi nirudi nyuma zaidi ya miaka elfu moja mia tatu. Mimineni chai kabisa.

Tuanze na ramani. Riyadh ninakoishi ipo katikati ya jangwa, haina bahari wala mto. Mashariki kuna Dammam, kama kilometa 400, pungufu kidogo ya Dar hadi Dodoma. Magharibi kuna Jeddah, kama kilometa 950, yaani zaidi ya Dar hadi Mbeya. Vitu vyote tunavyouza dukani kwetu, feni, pasi, mpaka hizo cherehani, vimetengenezwa ng'ambo, vingi China, na lazima viingie kwa moja ya milango hiyo miwili. Wafanyabiashara wengi wa hapa wamezoea Dammam, na si kwa ukaribu tu, ni kwa ajili ya reli. Mfalme Abdulaziz aliing'ang'ania reli ile wakati wapo waliomshauri kwamba barabara inatosha, ikafunguliwa mwaka 1951. Kontena linashushwa melini, linapanda treni, linafika bandari kavu ya Riyadh. Jeddah haina treni ya mizigo ya kuja huku. Imezungumzwa miaka na miaka, ila mpaka naandika haya bado ni malori.

Sasa mimi nikajifanya mjuzi. Wakala aliponiuliza mzigo upite wapi, nikatazama ramani ya ukutani. Jeddah ipo Bahari ya Shamu: unateremka kusini, unatoka Bab el-Mandeb, unazunguka pembe ya Somalia, umefika nyumbani. Dammam ni mpaka utoke Ghuba yote, upite Hormuz, uizunguke Oman. Nikasema Jeddah. Nilipima kwa rula, jamani, na bandari haichaguliwi kwa rula.

Hata Jeddah yenyewe haikuchaguliwa hivyo. Mwaka 647 Khalifa Uthman aliifanya kuwa bandari ya Makka badala ya Shuaiba iliyotumika kabla. Hiyo ilikuwa amri. Lakini amri peke yake haijazi bandari meli, na kilichoijaza Jeddah karne nyingi ni upepo. Sisi tuliokulia pwani tunajua kaskazi na kusi, jahazi linakwenda na huu na kurudi na ule. Kule Bahari ya Shamu ni nusu nusu. Upande wa kusini upepo hubadilika kwa msimu kama kwetu, lakini upande wa kaskazini unavuma kutoka kaskazini karibu mwaka mzima. Jeddah ipo pale pale mambo yanapogeuka. Nahodha aliyetoka Bara Hindi na pilipili alipanda na upepo mgongoni, akikaribia Jeddah unamgeukia usoni, na mbele yake miamba ya matumbawe imejaa. Anafanya nini? Anashusha mzigo. Kutoka hapo unaendelea kwa vyombo vidogo au kwa ngamia mpaka Misri. Babu yetu aliyekuwa baharia angelielewa hilo bila kuelezwa mara mbili.

Msafiri Ibn Jubayr alivuka kuingia Jeddah mwaka 1183, akaeleza vyombo vya kule vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Niliposoma nikacheka peke yangu, si mitepe yetu hiyo! Na ukitembea Balad, mji wa kale wa Jeddah, kuta ni za mawe ya matumbawe kama za Lamu na Mji Mkongwe. Siku ya kwanza nilisimama nikashika ukuta kama mwehu, walinzi wananitazama.

Upepo nao una mwenzake, ushuru. Miaka ya 1420 nahodha mmoja wa Calicut aitwaye Ibrahim alichoshwa na watawala wa Aden waliokuwa wakiwakamua wafanyabiashara. Akaipita Aden bila kutia nanga, akaingia Bahari ya Shamu kutafuta bandari nyingine, na mwishowe akapokewa vizuri Jeddah. Sultani wa Misri, Barsbay, akaona riziki hiyo, akaishikilia Jeddah, meli za Bara Hindi zikahamia huko. Baadaye Barsbay naye akaingiwa na tamaa, akataka biashara ya pilipili iwe yake mwenyewe. Ni hao hao.

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na meli za moshi zikawa hazijali upepo, Jeddah ikapata kitu ambacho haikuwa nacho: ikawa nyumba yenye milango miwili, Suez kaskazini na Bab el-Mandeb kusini. Dammam ina mlango mmoja tu, Hormuz. Vita vya Iran na Iraq vya 1980 hadi 1988 vilipofika baharini, meli zikawa zinapigwa ndani ya Ghuba. Wasaudia walikuwa wameshafungua bomba la mafuta mwaka 1981, kutoka mashariki mpaka Yanbu kwenye Bahari ya Shamu. Yaani hata mafuta yalitafutiwa mlango wa pili.

Lakini milango miwili nayo ni ya kufungwa. Kutoka 1967 hadi 1975 Suez ilifungwa kwa sababu ya vita, na meli ya kutoka Ulaya kuja Jeddah ikabidi izunguke Afrika nzima, ipite huko huko kwetu. Ulipofunguliwa tu, pesa za mafuta zilikuwa zimepanda, kila mtu Saudia anajenga, meli zikasongamana Jeddah zikingoja kwa miezi. Saruji ikawa inashushwa kwa helikopta! Simtanii mtu. Mwaka 1976 ndipo serikali ikaunda mamlaka ya bandari kupanga mambo.

Sasa turudi kwa cherehani. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka meli Galaxy Leader, na Desemba kampuni kubwa za meli zikaanza kuikimbia Bab el-Mandeb na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari hii mlango wa kusini. Mzigo wangu ulikuwa ndani ya kontena la kuchangia, umeshafika Jeddah kwa lori, na meli iliyokuwa iuchukue ikafuta safari. Nikaambiwa wiki mbili. Halafu mbili nyingine. Huku gharama ya kuhifadhi inapanda. Mwishowe wenye mizigo tukakubaliana kontena lipakiwe tena kwenye lori, lirudi mashariki likapande meli Dammam.

Mnajua lori la Jeddah kwenda Dammam linapita wapi? Riyadh. Cherehani ile ilitoka China ikaingia kwa Dammam, ikaja Riyadh kwa treni, nikainunua, nikaipeleka Jeddah, ikapita tena hapa nyuma ya duka langu, ikaenda kutokea mlango ule ule iliyoingilia. Dar ilifika Aprili 2024.

Na shule zinafunguliwa Januari. Dada alikuwa amekopa kikoba akanunua vitambaa vya sare, cherehani yake ya zamani ikamkatikia katikati, wateja wakaenda kwa fundi mwingine. Deni la kikoba amelimaliza juzijuzi tu. Hakuwahi kunilaumu, ndiyo maana naandika. Dada, nisamehe.

Sasa anataka mashine ya ovaloki. Nimeshainunua, ipo chini ya kitanda changu hapa. Jana wakala kaniuliza safari hii tupitishe wapi. Nimemwambia anipe siku mbili, nianze kusoma habari kwanza. Nitawajulisha. Msalimieni bibi, na mwambieni ile dawa ya miguu inakuja na mtu, siyo na meli.