Mwezi, chungwa na aibu yangu

Haya wandugu, leo naungama. Hadi natimiza miaka 27 niliamini kwamba mwezi hupungua kwa sababu kivuli cha dunia kinaufunika. Juzi nikamweleza hivyo mpwa wangu wa miaka tisa, tena kwa kujiamini.

Akaniuliza: "Anko, mbona nikienda shule naona mwezi nusu, na jua lipo?"

Kimya. Kivuli huangukia upande ulio mkabala na jua. Kama jua na nusu mwezi vinaonekana pamoja angani, kivuli cha dunia kinafikaje pale? Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwadai watu ushahidi, sikuwahi hata kutazama juu.

Nikaenda kusoma. Kumbe katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Anaxagoras, Mgiriki aliyeishi Athens, alikwisha kusema kwamba mwezi hauna mwanga wake, huazima wa jua. Kivuli cha dunia akakipa kazi yake halali: kupatwa kwa mwezi. Akasema pia kwamba jua ni jiwe linalowaka, kubwa kuliko Peloponnese. Kwa watu walioliona jua kuwa mungu, hayo yalikuwa matusi. Akashtakiwa kwa kukufuru, akaondoka Athens na kumalizia maisha yake Lampsakos.

Karne nyingi baadaye, Mchina Shen Kuo (1031–1095) aliufananisha mwezi na mpira wa fedha. Paka nusu ya mpira unga mweupe, alisema. Ukiutazama kwa ubavuni, utaona hilali. Ukiutazama usoni, utaona duara zima.

Mpira wa fedha sina. Nikachukua chungwa, nikalipaka unga wa ngano nusu, nikalishika. Mpwa wangu akalizunguka polepole. "Sasa hilali... sasa nusu... sasa mwezi mpevu!" Chungwa halikubadilika hata kidogo, ni yeye aliyehama.

Angani anayehama ni mwezi. Jua huangaza nusu yake daima, ila unapopatwa. Unapotuzunguka, tunaiona nusu hiyo kidogo kidogo hadi yote, kisha inatugeukia kisogo. Mwandamo hadi mwandamo, siku 29 na nusu hivi.

Anaxagoras alipoteza mji wake kwa kusema alichokiona. Mimi nilishindwa kuinua shingo tu. Nawe, uliwahi kuhakikisha, au uliambiwa ukakubali?