Wenyeji na Wageni wa Mrima: Kutoka Kaole hadi Mapinga

Kata ya Mapinga, iliyo kandokando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, imo katika ukanda ambao watu wa kale waliuita Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na kisiwa cha Unguja. Historia ya ukanda huu imejaa watu waliofika kutoka mbali, wakapokewa kwa masharti na hatimaye wakahesabiwa kuwa wenyeji. Na ni masharti hayo, kuliko ukarimu peke yake, yanayoeleza jinsi makabila na dini nyingi zilivyoweza kukaa pamoja.

Ushahidi wa kale uko Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, penye magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi yenye minara. Masimulizi ya Mrima yanaeleza kwamba Washomvi, waliojinasibisha na Barawa katika pwani ya Somalia, waliishi hapa kwa uvuvi na chumvi, na kwamba waliposhambuliwa na Wakamba walimwendea Pazi Kilama, pazi kikiwa cheo cha kiongozi wa Wazaramo. Alipowafukuza maadui hao, Washomvi waliridhia kumpa ada kila mwaka, na kwa ada hiyo ilijulikana nani mwenye nchi, huku mlipaji naye akipata haki ya kulindwa.

Katika karne ya 19, Bagamoyo ilipokuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe za ndovu, wapagazi wa Kinyamwezi walishuka kwa maelfu kila mwaka, wakakutana na Waarabu, Wahindi, Wabaluchi na Wangazija. Baina ya Wanyamwezi na watu wa pwani kama Wazaramo ulikuwapo utani, yaani uhusiano unaoruhusu watu kutaniana, hata kutukanana, pasipo kukasirikiana, na unaowawajibisha kusaidiana katika shida. Msibani, mtani huweza kuvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, au kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote, kisha yeye huyo akashika jembe na kuchimba kaburi. Kwa hiyo mtu aliyefia mbali na kwao hakukosa wa kumzika.

Wageni wengine walijitambulisha kwa taasisi walizojenga. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakaanzisha misheni na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa mwaka 1851, alijenga mjini Bagamoyo shule ya ghorofa ambayo aliikabidhi kwa serikali ya Kijerumani mwaka 1896, kwa sharti kwamba watoto wasibaguliwe kwa rangi.

Hata hivyo, wengi hawakuja kwa hiari. Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kama Sheikh Ramiya, alitoka Manyema, mashariki mwa Kongo, akaletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa. Alisoma, akajitegemea kwa biashara na minazi, kisha akawa kiongozi wa Kadiria, ambayo ni tarika, yaani njia ya ibada inayowakusanya waumini katika zikri; na baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916, aliteuliwa kuwa liwali, cheo ambacho awali kilishikwa na Waarabu. Alipofariki mwaka 1931, waliokuwa wafuasi wake walitoka katika kila tabaka la mji.

Leo wageni wanaofika Mapinga wanatoka Dar es Salaam na mikoa mingine ya Tanzania, na mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo yanakatwa viwanja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe hilo ndilo lililomwingiza mgeni katika shughuli za mji. Kwa hiyo, mwenye hati ya kiwanja hana budi kujua makaburi aliyoyakuta ni ya nani na kushiriki misiba ya majirani, na mwenyeji naye akumbuke kwamba babu yake, kama hakutoka Barawa, huenda alitoka Unyamwezi au Manyema.