Upepo unapowafukuza samaki hadi ufuoni

WAKAZI wa ufuo wa mashariki wa Ghuba ya Mobile, jimboni Alabama nchini Marekani, huamshana kabla ya alfajiri msimu wa joto kwenda kuokota samaki.

Kaa, kamba, gayagaya na mikunga hujazana penye maji haba, wakiwa wamelegea hata hawakimbii wanapokaribiwa. Wenyeji hufika na taa, mikuki na ndoo. Tukio hilo huitwa 'Jubilee', yaani sherehe, na habari zake zimeandikwa tangu miaka ya 1860.

Kwa viumbe hao, hata hivyo, si sherehe. Wanakosa pumzi.

Ghuba hiyo ina kina cha wastani cha takriban mita 3 tu. Maji matamu ya mito huelea juu ya maji mazito ya chumvi yatokayo Ghuba ya Mexico. Matabaka hayo yasipochanganyika, oksijeni haifiki chini. Nayo mabaki ya mimea huoza huko, na bakteria wanaoyaozesha humaliza oksijeni iliyosalia.

Kisha matlai, upepo wa kutoka mashariki, huvuma polepole na kuyasukuma maji ya juu kuelekea magharibi. Maji ya chini hupanda kujaza pengo, na bahari inapojaa huyasogeza hadi ufuoni. Viumbe wa chini hubanwa kati ya maji hayo na nchi kavu. Hali hiyo ikipita, walionusurika hurudi baharini.

Katika Ghuba ya Tokyo, Japani, mambo huwa mabaya zaidi. Upepo wa kaskazini mashariki huibua karibu na Chiba maji yasiyo na oksijeni, yenye gesi ya salfa inayonuka kama mayai viza. Gesi hiyo ikikutana na hewa, maji hugeuka rangi ya samawati iliyochanganyika na maziwa. Wajapani huyaita 'aoshio'.

Samaki huweza kutoroka, lakini kombe wa aina ya asari, ambao ni riziki ya wavuvi, hufia mchangani.

Huko binadamu amechangia. Majitaka ya miji yalirutubisha ghuba, na mashimo yaliyochimbwa chini ya bahari kupata mchanga wa kujengea ardhi mpya yakawa maghala ya maji hayo. Baadhi yamefukiwa tena.

Upepo haumwui kombe. Hufunua tu yaliyofichika chini, na hayo ndiyo yanayoweza kurekebishwa.