Nyundo, Kokoto na Kamera

Kipalapala ni mahali pa maandishi: pana seminari, na mitambo ya uchapishaji ya TMP (Tanganyika Mission Press) imechapa hapa vitabu vingi vya Kiswahili. Bango hili linamhusu msanii aliyefanya kazi karibu bila maneno.

Mwanamke ameketi chini. Mkono mmoja umeshika jiwe, mwingine nyundo. Anagonga, anagonga tena, jiwe linapasuka, na rundo la kokoto halionekani kukua hata kidogo. Watoto wanacheza kwenye vumbi hilohilo. Hivyo ndivyo inavyokwenda *These Hands* (1992), filamu ya dakika 45 ya Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling, iliyopigwa kwenye machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam. Wengi wa wanawake waliopasua mawe hapo walikuwa wakimbizi kutoka Msumbiji, ambako vita vilifikia makubaliano ya amani mwaka huohuo.

Hakuna msimulizi. Mtazamaji aliyezoea kuelezwa kila kitu huanza kujikunakuna kitini; baadaye anasikia mdundo wa nyundo, kisha wimbo.

Serikali ilikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, tangu 1968. M'mbugu-Schelling alijitegemea. Kabla ya Kunduchi alikwishatoa *Kumekucha* (1987), nayo ikiwahusu wanawake wa Tanzania.

Mwongozaji filamu Mgiriki Theo Angelopoulos, mshindi wa tuzo ya Palme d'Or ya tamasha la Cannes mwaka 1998, alisifika kwa picha ndefu zisizokatwa. Huku kwetu subira ya namna hiyo ilielekezwa kwenye kokoto, zile zinazomwagwa kwa lori pale nyumba inapojengwa.