Fimbo, Sheria na Hali ya Darasa nchini Kenya

Nidhamu katika shule za Kenya iliegemea fimbo kwa muda mrefu, na kanuni za mwaka 1972 ziliiruhusu rasmi, ingawa kwa masharti: adhabu ilipaswa kufuata uchunguzi kamili, itolewe na mwalimu mkuu au machoni pake, mbele ya shahidi bali si mbele ya wanafunzi wengine, na viboko visizidi sita. Kwa maandishi, basi, mwalimu wa kawaida hakuruhusiwa kumchapa mtoto darasani kwa jibu lisilo sahihi. Kwa vitendo alichapa, na mwanafunzi aliyejua kwamba kukosea huleta maumivu alijifunza kwanza kunyamaza. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaimarisha marufuku. Kufuta kulikuwa rahisi kuliko kujaza pengo, kwa kuwa mwalimu ambaye darasa lake lilifurika baada ya ada za shule za msingi kuondolewa mwaka 2003 alipokonywa chombo alichokirithi, ilhali motisha, yaani kuamsha hamu ya kujifunza kwa sifa, maswali na kazi za vikundi, ilidai muda na nafasi ambavyo hakuwa navyo.