Cheti cha usalama wa moto (Tanzania)

Cheti cha usalama wa moto ni hati inayotolewa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania kuthibitisha kwamba jengo limekaguliwa na lina vifaa na mpangilio unaotakiwa wa kujikinga na moto. Cheti hicho hutolewa baada ya ukaguzi na malipo ya ada, nacho huhuishwa kila mwaka. Ni tofauti na kibali cha ujenzi, ambacho hutolewa na halmashauri ya mji, manispaa au jiji.

Historia

Kwa miaka mingi huduma za zimamoto Tanzania Bara zilikuwa chini ya serikali za mitaa, na kila halmashauri ilijitegemea kwa magari na watumishi. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 iliunganisha vikosi hivyo kuwa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, likiongozwa na Kamishna Jenerali. Kanuni za ukaguzi na vyeti zilitolewa mwaka 2008. Mwaka 2015 zilifuata kanuni kuhusu tahadhari za moto katika majengo.

Umuhimu wa ukaguzi umeonekana hasa katika mioto ya shule. Mwaka 1994 wasichana zaidi ya 40 walifariki katika bweni la shule ya sekondari ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2009 wasichana 12 walifariki Idodi, mkoani Iringa, na mwaka 2020 wanafunzi 10 walifariki katika shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, mkoani Kagera. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza soko kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, na wafanyabiashara wengi walipoteza mitaji yao.

Hatua za ujenzi

Usalama wa moto huanza kwenye michoro. Msanifu majengo huonyesha ngazi na milango ya dharura, upana wa korido, mahali pa mitungi ya kuzimia moto, mabomba ya maji, vitambua moshi na kengele, pamoja na njia ambayo gari la zimamoto litapita kufika kwenye jengo. Michoro hiyo hupitiwa na maofisa wa jeshi, ambao wanaweza kutaka irekebishwe kabla ujenzi haujaanza.

Mkandarasi ana wajibu wa kujenga kulingana na michoro iliyopitishwa. Makandarasi wote husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Eneo la ujenzi lenyewe ni mahali pa kazi, hivyo liko pia chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), unaosimamia sheria ya mwaka 2003. Kazi za kuchomelea, rangi, mbao, mitungi ya gesi na nyaya za umeme za muda ni vyanzo vya kawaida vya moto kabla jengo halijakamilika.

Jengo likikamilika hukaguliwa kabla ya kuanza kutumika. Mkaguzi hutazama kama vifaa vipo na vinafanya kazi, kama milango ya dharura inafunguka kwa urahisi, na kama watumiaji wanajua mahali pa kukusanyika. Kasoro zikionekana, mmiliki hupewa maelekezo ya kuzirekebisha.

Ada

Ada hutegemea aina ya jengo, matumizi yake na ukubwa wake. Duka dogo halilipi sawa na hoteli, kiwanda au kituo cha mafuta. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia benki au simu, na ofisa hapaswi kupokea fedha taslimu mkononi. Gharama za mitungi, mabomba na kengele si sehemu ya ada hiyo.

Katika mradi ni muhimu mkataba ueleze nani atalipa ada ya kupitia michoro na ya ukaguzi wa mwisho. Isipotajwa mapema, mkandarasi na mmiliki huweza kutupiana mpira kazi inapokaribia kukabidhiwa, na makabidhiano yakachelewa.

Hoja na changamoto

Wafanyabiashara wamelalamikia wingi wa taasisi zinazokagua eneo moja, kila moja kwa ada na ratiba yake. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa sababu za mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara, ulioanza kutekelezwa Julai 2019, ambao ulilenga kufuta au kupunguza tozo na kuondoa mwingiliano wa majukumu.

Kwa upande mwingine, ada ikitazamwa kama kodi tu, mmiliki hulipa ili apate karatasi huku mtungi ukiwa umekwisha muda na mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli. Nondo za madirishani zinazowekwa kuzuia wezi huweza kuwazuia watu kutoka wakati wa moto. Vilevile majengo mengi katika makazi yasiyopimwa hujengwa na mafundi wa mitaani bila michoro wala kibali, hivyo hayafikiwi na utaratibu huu, na mara nyingi vichochoro vyake havipitishi gari la zimamoto.

Zanzibar na Kenya

Zanzibar ina chombo chake, Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, kilicho chini ya Serikali ya Mapinduzi. Nchini Kenya, katiba ya mwaka 2010 iliweka huduma za zimamoto chini ya serikali za kaunti.

Simu ya dharura

Namba ya kuita zimamoto Tanzania Bara ni 114.